Wasomaji wa Kubuni

Katika mstari wa kwanza wa Waraka wa Paulo kwa Waefeso, pale ambapo Biblia za leo huutaja mji wa Efeso, nakala kongwe kuliko zote hazina jina la mji. Nakala ya mafunjo ambayo wataalamu huiita P46, iliyoandikwa yapata mwaka 200 na ambayo kurasa zake leo zimegawanywa baina ya Dublin na Chuo Kikuu cha Michigan, haina jina hilo. Kodeksi mbili kubwa za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikani, nazo hazikuwa nalo zilipotoka mikononi mwa wanukuzi wake wa kwanza. Lilikuja kutiwa baadaye. Anayelisoma andiko la Kigiriki katika nakala hizo hukuta salamu inayopelekwa kwa watakatifu walioko na walio waaminifu. Walioko wapi, hapasemwi.

Pengo hilo lilijulikana tangu kale, na tangu kale watu hawakulivumilia. Markioni, katika karne ya 2, aliujua waraka huo huo kwa jina la Waraka kwa Walaodikia, na Tertuliano akamshutumu kwa kuuchezea anwani. Basili wa Kaisaria, katika karne ya 4, alikiri kwamba ameona nakala za kale zisizo na jina la mji, naye akalipa pengo maana ya kifalsafa: walioko ni wale walio na uhai wa kweli kwa sababu wameungana na Yeye Aliyeko. Katika karne ya 17 askofu mkuu James Ussher wa Ireland akapendekeza kwamba waraka ulikuwa wa kuzungushwa makanisani, na mahali pa jina pakaachwa wazi ili kila kanisa lijaze lake. Ni fasiri tatu za watu watatu wenye akili, na zote zimezaliwa na hofu moja, hofu ya barua isiyojulikana ilipelekwa kwa nani.

Hofu hiyo haijapoa. Katika karne ya 20 ilivikwa joho la taaluma. Ukifunguliwa utangulizi wa injili yoyote, katika vitabu vya vyuo au katika kurasa za mwanzo za Biblia za kujifunzia, aghalabu hukutwa humo habari za "jumuiya ya Mathayo", za "kanisa la Marko" au za "jumuiya ya Yohana", pamoja na mji ilimoishi, umaskini au utajiri wake, magomvi yake na majirani, hata hatua za kugawanyika kwake. Msomaji mgeni hudhani kwamba mahali fulani pana daftari la waumini, au kaburi lenye maandishi, au barua ya shahidi iliyosema hayo. Hapana. Jumuiya hizo zimetolewa ndani ya vitabu vile vile vinavyodaiwa kuandikiwa jumuiya hizo. Ni kama fundi aliyechora sura ya mtu kwa kuiangalia kanzu yake, kisha akaieleza kanzu kwa kuiangalia sura aliyoichora.

Jambo lenyewe ni jepesi kulisema na zito kulitii. Wasomaji waliokusudiwa na sehemu kubwa ya maandishi ya Wakristo wa mwanzo hawajulikani, na anayewabuni ili kulijaza pengo hutenda madhara mawili: humzuia msomaji wa leo asilione andiko lenyewe, na huwabebesha wafu magomvi ambayo pengine hawakuwa nayo.

Si kweli kwamba hakijulikani kitu. Paulo aliwaandikia watu wa Korintho, wa Filipi na wa Thesalonike, na katika barua hizo mna majina, safari, magonjwa na ugomvi wa watu halisi. Lakini hata hapo ardhi hutikisika. Galatia aliyoiandikia yaweza kuwa nchi ya makabila ya kaskazini au miji ya kusini ya jimbo la Kirumi lenye jina hilo, na mjadala haujafungwa. Waraka kwa Warumi, katika kodeksi moja ya karne ya 9 iliyohifadhiwa Dresden, hauna jina la Rumi katika sura yake ya kwanza. Nje ya barua za Paulo giza huzidi. Luka aliandika kwa mtu mmoja, Theofilo, akampa cheo kile kile cha heshima ambacho Matendo ya Mitume huwapa maliwali Feliki na Festo. Alikuwa nani huyo? Afisa wa dola, tajiri aliyelipia kazi ya kunakili, au jina tu la kila ampendaye Mungu? Waraka wa Yakobo umepelekwa kwa makabila 12 yaliyotawanyika, anwani pana kama bahari. Waraka wa pili wa Yohana umepelekwa kwa bibi mteule na watoto wake, na haijakatwa kauli kama bibi huyo ni mwanamke au ni kanisa. Risala kwa Diogneto ina jina la mwandikiwa, na jina hilo halifungui mlango wowote: hakuna mwandishi wa kale aliyeitaja risala hiyo, na hati yake pekee iliyokuwapo iliteketea Strasbourg mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia.

Waraka kwa Waebrania ndio fundisho kubwa kuliko yote. Hauanzi kwa jina la mwandishi wala la mwandikiwa. Neno "Waebrania" halimo ndani yake hata mara moja. Limo katika kichwa tu, na wataalamu karibu wote wanakubali kwamba kichwa hicho kilitiwa na watu wa baadaye, ingawa P46 tayari inacho. Salamu ya mwisho huwataja watu wa Italia, lakini maneno ya Kigiriki yaweza kuwa ya walioko Italia wakiwasalimu walio mbali, au ya Waitalia walioko ugenini wakiwasalimu wa nyumbani. Kwa nguvu ya kichwa hicho kifupi, vizazi na vizazi vilifundishwa kwamba waraka huo ni onyo kwa Wayahudi waliotaka kurudi katika dini yao ya zamani. Huenda ndivyo. Lakini fundisho zima limesimama juu ya kibao kilichotundikwa mlangoni na mtu ambaye si mwenye nyumba.

Namna jumuiya inavyobuniwa huonekana vizuri katika Injili ya Marko. Marko hueleza desturi ya Wayahudi ya kunawa mikono kabla ya kula; basi, husemwa, wasomaji wake hawakuwa Wayahudi. Huyafasiri maneno ya Kiaramu. Basi hawakujua Kiaramu. Huzieleza sarafu mbili za mjane kwa thamani ya sarafu ya Kirumi; basi waliishi Rumi. Hatua mbili za kwanza zina mantiki, ijapokuwa hazitoshi kumpata mtu. Ya tatu inaanguka, kwa kuwa maneno ya Kilatini ya jeshi, kodi na fedha yalitapakaa kila palipofika dola. Mtu wa Unguja anayesema shilingi, korti na polisi hajathibitisha kwamba anaishi London. Tena kwa kitabu hicho hicho Willi Marxsen, mwaka 1956, aliwapeleka wasomaji Galilaya, na Howard Clark Kee, mwaka 1977, akawapeleka kusini mwa Syria. Bahari nzima imekaa kati ya makazi hayo, na andiko halijabadilika hata herufi.

Chini ya kosa hilo lipo kosa kubwa zaidi, nalo ni imani kwamba kila anachokitaja mwandishi ni tatizo la wasomaji wake. Akitaja mateso, basi jumuiya inateswa. Akiwaonyesha wanafunzi wasioelewa, basi jumuiya ina viongozi wasioelewa. Akitaja dhoruba ziwani, basi jumuiya imo katika msukosuko. Kwa kanuni hiyo kila mtunzi wa tanzia amefiwa, na kila mtunzi wa wimbo wa mapenzi ameachwa.

Wasomaji wa visiwa hivi wana kipimo kilicho karibu nao. Wanazuoni wa tafsiri ya Kurani walikuwa na elimu mahususi ya sababu za kushuka kwa aya: aya ipi ilimhusu nani, ilishuka katika tukio gani, ikajibu swali gani. Al-Wahidi wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1076, alitunga kitabu mashuhuri cha elimu hiyo, na katika dibaji yake akaweka sharti kwamba si halali kusema juu ya sababu hizo ila kwa mapokezi ya walioshuhudia na kuzijua. Kama mapokezi yote yaliyokusanywa ni sahihi ni mjadala wa wenye elimu hiyo, nao wameuendeleza karne baada ya karne. Kinachohusu hapa ni lile sharti: anayedai kumjua aliyesemezwa alete mlolongo wa waliosikia. Na hata sababu ilipothibiti, wanausulu walio wengi walishikilia kwamba hukumu hufuata upana wa lafudhi wala haifungwi na umahususi wa sababu. Wataalamu wa jumuiya za injili hawana mlolongo wa kuleta. Mapokezi machache ya kale yaliyobaki juu ya injili husema zaidi habari za waandishi kuliko za wasomaji, na wataalamu hao hao huyatupa kila yanapowapinga.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Injili ya Yohana. Injili hiyo, peke yake katika Agano Jipya, hutumia mara tatu neno la Kigiriki la mtu aliyetengwa na sinagogi. Mwaka 1968 J. Louis Martyn wa Marekani alitoa kitabu kilichobadili usomaji wake. Alidai kwamba hadithi ya kipofu katika sura ya 9 husimulia mambo mawili kwa pamoja: lililompata kipofu siku za Yesu, na lililoipata jumuiya ya mwandishi miaka 60 hivi baadaye, ilipofukuzwa na sinagogi kwa njia ya laana iliyotiwa katika sala za Wayahudi. Mwaka 1979 Raymond Brown, padri Mkatoliki na mmoja wa wataalamu waangalifu wa zama zake, aliiandikia jumuiya hiyo historia kamili yenye vipindi vinne, tangu chimbuko lake hadi kusambaratika kwake. Brown mwenyewe alisema atafurahi ikiwa asilimia 60 ya upelelezi wake itakubaliwa. Waliomfuata walizichukua zote 100.

Nguzo za jengo hilo zilianza kuliwa na mchwa mapema. Mwaka 1981 Reuven Kimelman alionyesha kwamba ushahidi wa laana hiyo kuelekezwa kwa Wakristo kwa jumla katika karne ya 1 ni dhaifu mno. Adele Reinhartz, katika kitabu cha mwaka 2001 na kingine cha mwaka 2018, alikuhoji kufukuzwa kwenyewe, na kuonyesha kwamba injili hiyo inaweza kusomwa kama maneno ya mtu anayewatenga Wayahudi na agano lao, si ya mtu anayelia kwa kutengwa nao. Mwaka 2020 Hugo Méndez aliuliza waziwazi kama jumuiya ya Yohana ilipata kuwapo. Hata hivyo jumuiya hiyo ingali hai katika vitabu vya kufundishia, maana kilichozoeleka hakihitaji ushahidi.

Kwa nini jambo hili liwaume watu wasiokuwa wataalamu? Kwa sababu ya sura ya 8 ya injili hiyo hiyo, ambamo Wayahudi wanaobishana na Yesu huambiwa kwamba baba yao ni ibilisi. Injili ya Yohana huwataja Wayahudi kama mara 70. Katika Ujerumani ya Wanazi, miaka ya 1930, maneno yaliyotokana na mstari huo yaliandikwa katika mabango ya barabarani. Baada ya maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, wataalamu wengi wa Kikristo walitafuta namna ya kuishi na mstari huo, na jumuiya ya Martyn ikawafaa: maneno hayo makali, wakasema, ni kilio cha wachache waliofukuzwa, ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Nia ilikuwa njema na tunda lake lina sumu. Ili mwandishi asafishike, ametafutwa mtuhumiwa, naye amekuwa yule yule wa zamani. Wayahudi wa karne ya 1 wanashtakiwa kwa kuwafukuza watu ambao hakuna awezaye kuthibitisha kwamba walifukuzwa. Msomaji wa kubuni amezaa mtesi wa kubuni, na mtesi huyo amepewa jina la watu walio hai.

Upinzani dhidi ya jumuiya hizo haukukosekana. Mwaka 1998 Richard Bauckham wa Uingereza alihariri kitabu kilichodai kwamba injili ziliandikwa kwa ajili ya Wakristo wote, popote walipokuwa. Aliuliza swali zuri: mtu anayeishi na jumuiya yake, anayekula nayo na kusali nayo, ana haja gani ya kuiandikia kitabu badala ya kusema nayo? Lakini baada ya kuibomoa nyumba ya wenzake, Bauckham hakuweza kukaa katika uwanja mtupu. Akajenga nyingine, kubwa zaidi. Wakristo wote ni msomaji wa kubuni vile vile, tena asiye na uso. Margaret Mitchell alimjibu mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba wazee wa kanisa wa karne za mwanzo walisimulia jinsi injili fulani ilivyoombwa na watu wa mahali fulani, na papo hapo wakaiona kuwa ni ya wote, bila kuona ubishi kati ya mambo hayo mawili. Robyn Faith Walsh naye, mwaka 2021, aliiondoa jumuiya na kumweka mahali pake mwandishi msomi anayewaandikia wasomi wenzake. Angalau yeye hulinganisha na desturi za uandishi zinazojulikana za dola ya Kirumi. Lakini wasomi hao wa baraza la Marko hawajapata kuonwa na shahidi, sawa na kanisa la Marko walilolirithi.

Maandishi yenyewe, yakiachwa yaseme, hutoa habari tofauti. Husema kwamba aliyeandikiwa na aliyesoma mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Paulo aliwaapisha Wathesalonike kwamba barua yake isomwe mbele ya ndugu wote. Waraka kwa Wakolosai huagiza usomwe pia Laodikia, na ule utokao Laodikia usomwe Kolosai. Herma wa Rumi, katika karne ya 2, huambiwa katika njozi aandike vijitabu viwili, kimoja kwa Klementi na kimoja kwa Grapte: Klementi akipeleke katika miji ya nje, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyokabidhiwa, na Grapte awaonye wajane na yatima. Polikarpo wa Smirna aliwapelekea watu wa Filipi barua za Ignasi kwa kuwa waliziomba, ingawa nyingi hawakuandikiwa wao. Katika dola ambayo, kwa makadirio ya William Harris ya mwaka 1989, waliojua kusoma huenda hawakuzidi asilimia 10 au 15, karibu kila msomaji alikuwa msikilizaji. Alisomewa na mwingine, katika nyumba ya mwingine, pamoja na watu ambao mwandishi hakuwajua na asingewajua.

Hali hiyo si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 akimwusia binti yake, Mwana Hashima. Anwani haina utata. Hata hivyo utenzi huo ulinakiliwa na kuhifadhiwa vifuani na wanawake wengi wa pwani ambao Mwana Kupona hakuwazaa, na leo hujadiliwa vyuoni na wanaousifu na wanaoulaumu. Lau habari za mama na binti zingalipotea, mtaalamu wa jumuiya angaliunda "jumuiya ya wanawake wa Pate", akaipa migogoro mitatu na kuipangia vipindi vinne. Na angalieleweka, maana utenzi ungalimpa kila alichohitaji isipokuwa ukweli.

Gharama ya kubuni huonekana zaidi katika waraka mfupi kuliko nyaraka zote za Paulo. Waraka kwa Filemoni una mistari 25. Umepelekwa kwa Filemoni, pamoja na Afia, Arkipo na kanisa linalokutana nyumbani. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa, kwa bwana wake, na anaomba apokewe kama ndugu. Kigiriki, kama Kiswahili, hutenga wewe na ninyi. Salamu za mwanzo ni za ninyi. Kuanzia mstari wa 4 Paulo huingia katika wewe na kudumu humo karibu mpaka mwisho, wewe unayedaiwa nafsi yako, wewe utakayeandaa chumba cha mgeni. Katika mstari wa 22 ninyi hurejea ghafla kwa maombi yenu, na mstari wa mwisho hufunga kwa ninyi. Katika Kiingereza cha leo mageuzi hayo hayaonekani; Kiswahili huyahifadhi yote. Filemoni anasemezwa peke yake mbele ya watu. Na yaelekea Onesimo ndiye aliyefika na barua hiyo, naye alikuwapo ikisomwa, akisikia kila neno juu yake, na hapana neno hata moja aliloambiwa yeye. Mtu ambaye barua ilimhusu kuliko wote hakuandikiwa.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, huko Georgia, Marekani, mchungaji Charles Colcock Jones, ambaye mwenyewe alimiliki watumwa, aliwahubiria watumwa waraka huo, akikaza uaminifu na utii na kulaani kutoroka. Kwa maelezo yake mwenyewe, nusu ya waliohudhuria waliinuka na kuondoka. Baadaye wengine walisema hakuna waraka kama huo katika Biblia, na wengine kwamba hiyo si injili. Jones alikuwa na hakika waraka uliandikiwa nani: bwana mwenye mtumwa, naye akajiona ndiye mrithi wa anwani. Walioondoka hawakuwa na elimu ya nakala wala ya Kigiriki, lakini waliusikia waraka kutoka upande aliosimama Onesimo, na kutoka upande huo mahubiri ya Jones hayakuwa na msingi.

Unguja nayo ina sehemu katika kisa hiki. Edward Steere aliwasili mwaka 1864, na mwaka huo huo misheni yake ilipokea kutoka kwa Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mwaka 1869 Injili ya Mathayo ilitoka kwa Kiswahili chake, na vitabu vingine vya Agano Jipya vikafuata. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu likajengwa Mkunazini palipokuwa soko. Watoto waliokombolewa walijifunzia kusoma katika tafsiri hizo. Waraka kwa Filemoni ulipofika mikononi mwao kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza katika visiwa hivi ulisomwa na kina Onesimo. Hawamo katika jumuiya yoyote iliyochorwa na mtaalamu yeyote. Paulo hakuwajua, na Filemoni angaliwatambua kwa bei yao tu. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba waliuelewa vibaya kwa kuwa hawakukusudiwa?

Hujibiwa kwamba andiko lisilo na mahali halifasiriki, na kwamba asiyewatafuta wasomaji wa kwanza humwachia kila mhubiri aseme apendalo. Hoja hiyo ina uzito nusu. Mahali pa maandishi haya panajulikana vya kutosha pasipo jumuiya za kubuni: lugha yake inajulikana, sheria ya utumwa inajulikana, sarafu, njia za meli, kodi, sala na karamu za zama hizo zinajulikana kwa ushahidi wa mawe, mafunjo na vitabu vingine. Mwenye kufasiri ana kazi tele humo. Asichoruhusiwa ni kuchukua kijiji kisichokuwapo na kukiweka juu ya ramani kwa wino ule ule uliochorea Rumi na Korintho. Na kuhusu mhubiri anayesoma kila barua kana kwamba imeshushwa asubuhi hii kwa jina lake, kosa lake ni lile lile: naye ameliona pengo la anwani akalijaza, isipokuwa amejaza jina lake mwenyewe.

Mnukuzi wa P46 alifika mahali pa jina la mji. Yaelekea aliyokuwa akinakili hayakuwa na jina, na sentensi bila jina ni ngumu. Mtu yeyote ajuaye Kigiriki angalihisi kwamba panakosekana kitu. Efeso ilikuwa mji mkubwa, na kuandika maneno mawili ni kazi ya dakika. Hakuyaandika. Alinakili alichokuta, akaendelea na mstari uliofuata.